Ajaili kwa timu ndogo ya programu: mwongozo wa sprinti tatu za kwanza

Maswali yanayonijia ni yale yale. Standapu yetu, yaani mkutano mfupi wa kila siku, inakula saa nzima, tufanyeje? Mteja anataka kila kitu kufikia Ijumaa, tumjibu nini? Bosi anatuma kazi kwenye WhatsApp saa nne usiku, nayo ni sehemu ya sprinti (kipindi kifupi cha kazi iliyopangwa)? Wanaouliza ni vijana walioajiriwa juzi Ntinda, Bukoto, Nakawa, Mbarara na Gulu, na baadhi ni viongozi wa timu waliopewa cheo kabla ya kuonyeshwa kazi yenyewe. Nimeona heri niyaweke majibu mahali pamoja, kwa mpangilio, kwa Kiswahili ambacho timu zenye watu wa Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo hukitumia kila siku.

Ajaili ni kujenga programu kwa vipande vidogo na kumwonyesha mteja kila baada ya muda mfupi. Mwongozo huu ni kwa timu ya watu watatu hadi tisa inayomjengea programu mteja anayelipa. Utakuvusha kutoka siku ya kwanza hadi mwisho wa sprinti ya tatu, kipindi ambacho timu nyingi hukata tamaa na kurudia mtindo wa zamani: kujenga kimya kimya miezi sita, kisha kumkabidhi mteja kitu asichokihitaji.

Utaona narudia mambo mawili: kazi ndogo iliyokamilika kabisa, na ukweli unaosemwa mapema. Mikutano, ubao na vyeo vyote vipo kwa ajili ya hayo mawili. Timu yenye mikutano yote lakini isiyo na hayo inajichosha bure.

Historia, kwa ufupi tu

Februari 2001 wasanidi programu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la ajaili, lenye maadili manne na kanuni kumi na mbili. Skramu, mtindo wa ajaili unaogawa kazi kwa sprinti, ilikuwepo hata kabla ya tamko hilo. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha hadharani mwaka 1995. Mwongozo rasmi wa Skramu, toleo la 2020, unausoma jioni moja ukaumaliza. Usome. Wengi wanaobishania Skramu hawajaufungua. Humo hutakuta pointi za makadirio (namba za kupima ukubwa wa kazi), na hata yale maswali matatu ya standapu ambayo watu huyakariri yaliondolewa kwenye toleo hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu mmoja upande wa mteja mwenye neno la mwisho. Kamati haifai.
- Ubao mmoja wa kazi. Trello, Jira au karatasi za kubandika ukutani, vyovyote vile, ila uwe mmoja.
- Msimbo wote kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, na kila mtu awe na nakala kwenye kompyuta yake.
- Seva ya majaribio ambayo mteja anaweza kuifungua kwa simu yake mwenyewe, bila kuja ofisini.
- Kalenda yenye sikukuu zote za Uganda. Utaona sababu kwenye hatua ya nne.
- Betri ya akiba ya ruta, bando la mtandao wa pili, na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayeangalia Yaka (umeme wa kulipia kabla) isiishe. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe, na Yaka huisha katikati ya demo, pale mnapomwonyesha mteja kazi.
- Saa ya mikutano iliyoandikwa kwa namna isiyo na utata. Kalenda ya kompyuta husema 9:00, sisi tunasema saa tatu, na mgeni wa timu anaweza kufika saa tisa alasiri. Andika zote mbili.

Kama huna hicho cha kwanza, usianze. Vingine unaweza kuvipata njiani.

Hatua ya 1: Mpate mwenye bidhaa, kwa jina

Mwenye bidhaa ndiye anayesema kipi kijengwe kwanza na kipi kisubiri. Kwenye kampuni zetu nafasi hii mara nyingi hupewa mtu asiye na mamlaka: karani wa ofisi ya mteja, au kijana wa mauzo upande wenu. Anakubali kadi (kazi moja iliyoandikwa ubaoni) Jumatatu, mkurugenzi anaikataa Alhamisi. Hapo sprinti imekufa, hata kama ubao unapendeza.

Nenda kwa mkurugenzi mwenyewe kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo. Umuulize hivi, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mzee, tukikuta mambo mawili yanagongana na wewe uko safarini, nani anaamua, na uamuzi wake hautabadilishwa?" Akitaja jina, liandike kwenye barua pepe na umtumie nakala. Akisema "nipigie mimi tu", basi mwenye bidhaa ni yeye, na lazima akupe nusu saa kila wiki. Kubaliana naye siku na saa hapo hapo, kabla hujaondoka.

Hatua ya 2: Andikeni kadi ndogo, zenye mtu ndani yake

Hatua hii ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tuseme mnajenga mfumo wa SACCO ya waendesha boda wa Jinja. Timu nyingi zitaandika kadi ya kwanza hivi: "Malipo kwa simu." Hiyo ni mradi mzima uliobanwa kwenye maneno matatu. Atakayeichukua atakaa nayo sprinti mbili akisema "naendelea".

Ikateni hivi:

- Kadi A: Mwanachama anaomba kuweka akiba ya shilingi 5,000 kwa MTN MoMo (huduma ya pesa kwa simu) kwenye mazingira ya majaribio, na anaona ujumbe kwamba mfumo unasubiri athibitishe kwenye simu yake.
- Kadi B: Akithibitisha, salio lake linaongezeka mara moja tu, hata kama jibu la MoMo limetufikia mara mbili.
- Kadi C: Asipothibitisha, au pesa ikiwa haitoshi, anaambiwa kwa maneno anayoyaelewa, na salio linabaki lilivyokuwa.
- Kadi D: Mhasibu anaona akiba zote za leo kwenye ukurasa mmoja.
- Kadi E: Kuhamia mfumo halisi wa MoMo.
- Kadi F: Yote ya A hadi C kwa Airtel Money.

Mgawanyo huu unatokana na jinsi malipo yenyewe yanavyofanya kazi. Ukituma ombi la kutoa pesa kwenye akaunti ya MoMo ya mwanachama, jibu la kwanza ni 202, yaani ombi limepokelewa. Pesa bado haijaingia. Hali inabaki ya kusubiri mpaka mwenye simu aweke namba yake ya siri, au akatae, au aiache simu mfukoni akiwa barabarani na abiria. Timu isiyotenganisha A, B na C huandika msimbo unaoongeza salio pale pale inapopata 202, na SACCO inajikuta na akiba ambazo hakuna aliyezilipa.

Kadi E ipo peke yake kwa sababu nzuri. Mazingira ya majaribio ya MoMo hutumia yuro, ilhali mfumo halisi hapa ni shilingi ya Uganda. Shilingi yetu haina senti katika matumizi, kwa hiyo msimbo uliozoea desimali za yuro utakuletea shida siku ya kuhama. Tena kuhama kunadai nyaraka za biashara na idhini kutoka kwa kampuni ya simu, na muda wa idhini hiyo hauko mikononi mwenu. Anzeni nyaraka wiki ya kwanza, hata kama kadi yenyewe itaingia sprinti ya tatu.

*Angalizo.* Msikate kadi kwa tabaka: moja ya hifadhidata, moja ya seva, moja ya mwonekano wa skrini. Wiki mbili zitaisha mkiwa na hifadhidata safi ambayo hakuna mwanachama wala mhasibu anayeweza kuigusa. Kila kadi ipite tabaka zote, hata kama kwa wembamba sana, ili mwishoni kuwe na mtu anayeweza kufanya kitu ambacho jana hakuweza.

Kipimo changu cha kadi ni hiki: mtu mmoja au wawili waimalize ndani ya siku tatu, na mwenye bidhaa aweze kuijaribu bila kumpigia msanidi simu. Ikizidi hapo, ikateni tena.

Hatua ya 3: Kubalianeni maana ya "imekwisha"

Muulize kila mmoja kwenye timu neno hilo lina maana gani. Utapata majibu mengi. Kwa mmoja ni "inafanya kazi kwenye laptopu yangu". Kwa mwingine ni "nimetuma msimbo". Mteja yeye anadhani ni "wanachama wanatumia".

Andikeni orodha fupi, ibandikeni juu ya ubao. Ya kuanzia iwe hii: msimbo umekaguliwa na mtu mwingine; majaribio yamepita; uko kwenye seva ya majaribio; mwenye bidhaa ameujaribu kwa simu ya kawaida yenye mtandao wa kawaida, si kwa simu ya bei ghali iliyounganishwa na waifai ya ofisi; na hakuna majina, namba za simu wala salio za wanachama halisi kwenye data ya majaribio. Hilo la mwisho ni suala la sheria. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na nakala ya data ya wateja iliyosahaulika kwenye seva ya majaribio isiyo na nywila ni njia rahisi sana ya kuivunja.

Kadi ambayo haijatimiza orodha yote haijaisha. Hakuna asilimia tisini.

Hatua ya 4: Chagueni urefu wa sprinti kalenda ikiwa mezani

Wiki mbili zinafaa timu nyingi. Wiki moja ni nzuri kama mteja anabadilisha mawazo mara kwa mara. Mwezi ndio ukomo wa Skramu, na kwa timu inayoanza ni mrefu mno, kwa sababu mtajua mmepotea mkiwa mmeshafika mbali.

Kisha fungueni kalenda. Mwezi wa Juni una Siku ya Mashahidi tarehe 3 na Siku ya Mashujaa tarehe 9. Sprinti ya wiki mbili ikianza mwanzoni mwa Juni inaweza kupoteza siku mbili, na wanaoishi upande wa Kireka na Kyaliwajjala hupata shida ya barabara hata kabla ya tarehe 3 kwa sababu ya mahujaji wanaoelekea Namugongo. Idi hufuata mwezi, kwa hiyo wekeni nafasi. Juu ya hayo, mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mteja wa serikali atakusukuma Juni yote ili bajeti yake isipite. Mwezi wenye siku chache ndio wenye shinikizo kubwa. Mwambie Aprili ni kadi ngapi zitaingia Juni. Ukimwambia tarehe 10 Juni atadhani unamkwepa.

Januari, Februari, Machi na Oktoba nazo zina sikukuu zake. Mwishoni mwa Desemba watu huenda kijijini. Msipange sprinti inayoishia hapo.

Hatua ya 5: Kadirieni kwa pamoja, bila kushawishiana

Kwa kuanzia msihangaike na pointi. Tumieni ukubwa wa aina tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Kubwa hairuhusiwi kuingia kwenye sprinti, inarudi kukatwa.

Namna ya kukadiria ina uzito kuliko kipimo. Mtu asome kadi, kisha wote waonyeshe vidole kwa wakati mmoja: kimoja, viwili au vitatu. Kwa wakati mmoja, nasisitiza. Akianza mkubwa kusema "hii ni ndogo", hakuna kijana atakayeonyesha vitatu. Vidole vikitofautiana, mwenye vingi na mwenye vichache waeleze. Mara nyingi mwenye vitatu ameona kitu ambacho wengine hawajakiona, kwa mfano kwamba ukurasa wa mhasibu unahitaji ruhusa tofauti na za mwanachama.

Sprinti ya kwanza chukueni nusu ya mnachodhani mnaweza. Ya pili chukueni idadi ileile mliyoikamilisha kwenye ya kwanza, kwa maana ya hatua ya 3. Matumaini hayana nafasi kwenye hesabu hii.

*Angalizo.* Bosi asipewe idadi ya kadi za kila mtu. Siku anapoanza kulinganisha watu kwa kadi, kadi zitakuwa ndogo za kuchekesha na hakuna atakayemsaidia mwenzake.

Hatua ya 6: Standapu ya dakika 15

Ifanyeni saa nne asubuhi. Saa mbili ni nzuri kwenye karatasi, ila anayetoka Mukono au Entebbe yuko kwenye jamu. Anayefanya kazi nyumbani apige simu ya video, na bando likiwa dogo azime kamera.

Standapu mbaya inasikika hivi:

"Jana niliendelea na malipo. Leo nitaendelea na malipo. Sina kizuizi."

Siku tatu mfululizo. Kila anayesikia anajua kuna jambo, lakini hakuna anayeuliza.

Nzuri inasikika hivi:

"Niko kadi B. Nikijaribu kwenye mtandao dhaifu, jibu la MoMo linatufikia mara mbili na salio linaongezeka mara mbili. Nimejaribu kuzuia kwa namba ya rejea, bado. Nahitaji mtu wa hifadhidata kwa nusu saa, kabla ya saa sita."

"Sawa dada. Kaka, tukimaliza hapa kaa naye. Ukurasa wa mhasibu usubiri mpaka mchana."

Imekwisha. Mjadala wa namna ya kuzuia jibu la pili unafanywa na hao wawili, baadaye, mezani kwao. Standapu zinazokula saa nzima ni zile ambazo tatizo linatatuliwa pale pale, watu wote wakiwa wamesimama, sita kati yao bila la kuchangia.

Tembeeni kwenye ubao badala ya kuzunguka watu. Anzeni na kadi iliyo karibu kabisa kuisha na muulize: inahitaji nini ili iishe leo? Swali hilo humtoa mtu kwenye kujitetea. Na kama kadi haijasogea siku mbili, kiongozi aiulizie yeye mwenyewe, kwa upole, bila kusubiri mwenyewe aseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye programu kifo hicho huja siku ya demo mbele ya mteja.

Hatua ya 7: Ilindeni sprinti dhidi ya WhatsApp

Ujumbe wa sauti unaingia saa nne usiku. Bosi anasema mteja anataka ripoti ya PDF kesho asubuhi. Kijana mmoja anaacha kadi yake na kukesha. Asubuhi hakuna kwenye timu anayejua kwa nini kadi B haijasogea.

Kanuni ni moja: ikiingia moja, inatoka moja yenye ukubwa huo. Bosi hanyimwi kitu, anapewa uchaguzi. Jibu liandikwe mapema, kila mtu awe nalo kwenye simu:

"Bosi, nimeipokea na nimeiweka juu kabisa kwenye orodha. Tukiiingiza kwenye sprinti hii, ukurasa wa mhasibu utasubiri sprinti ijayo. Tuendelee hivyo, au ripoti ya PDF ianze Jumatatu?"

Wakiulizwa hivi, mabosi wengi huchagua Jumatatu. Wanaochagua leo huwa na sababu, na sasa sababu hiyo imejulikana na gharama yake imeonekana.

Yasiyosubiri ni matatu: mfumo umezimika kwa watumiaji halisi, pesa zinapotea au kurudiwa, au data ya watu imevuja. Kwa hayo mteueni mtu wa zamu kila sprinti, na mpunguzieni kadi. Wengine wasiguse simu usiku. Msanidi asiyelala huandika hitilafu za kesho.

Hatua ya 8: Demo

Mwonyesheni mwenye bidhaa kitu kinachofanya kazi kwenye seva ya majaribio. Slaidi haziruhusiwi. Mpe simu mkononi, aweke akiba mwenyewe, ninyi mnyamaze mwone vidole vyake vinakwama wapi. Kadi zisizoisha zisionyeshwe kabisa, hata "kwa kuonja tu", maana mteja ataondoka akidhani zimekwisha.

Aje pia mtumiaji mmoja halisi, ikiwezekana. Mwendesha boda mmoja atakuambia ndani ya dakika mbili kwamba maandishi hayasomeki juani. Hakuna mtu wa ofisini atakayeliona hilo.

Hatua ya 9: Retro ambayo vijana wanaweza kusema

Retro ni mkutano wa timu wa kutazama nyuma mwishoni mwa sprinti. Vitabu vingi vya ajaili vimeandikwa na watu ambao kwao kumkosoa mkubwa wa kazi mezani ni jambo la kawaida. Kwetu sivyo. Binti aliyelelewa kupiga magoti akiwasalimia wakubwa hatasimama wiki ya kwanza kazini kumwambia kiongozi wa timu kwamba makadirio yake hayakuwa ya kweli. Mkimwuliza "una la kusema?", atasema hana, na mtaandika kwamba kila kitu ni shwari. Adabu hiyo ina thamani yake na wala sitaki ipotee. Tunachotakiwa kufanya ni kuifungulia njia.

Fanyeni hivi. Bosi asihudhurie. Dakika tano za kwanza kila mtu aandike kimya kwenye karatasi, bila jina: kilichotuchelewesha na kilichotusaidia. Karatasi zichanganywe na zisomwe na mtu mmoja. Mdogo kuliko wote azungumze kwanza, kiongozi awe wa mwisho. Zungumzieni tukio, mtu asiguswe: "ukaguzi wa kadi C ulikaa siku tatu" inajadilika, "kaka fulani ni mvivu" inavunja timu.

Mwishoni chagueni badiliko moja. Mawili ni mengi. Liandikeni kama kadi kwenye sprinti ijayo, lenye mtu na maana ya kuisha. Retro ambayo haitoi kadi husahaulika kabla ya chakula cha mchana, na baada ya mara mbili tatu vijana huacha kusema, safari hii kwa sababu nzuri.

Hatua ya 10: Rudieni

Sprinti ya pili na ya tatu hufuata hatua ya 4 hadi ya 9. Orodha ya kadi ipitiwe na mwenye bidhaa katikati ya kila sprinti, ili mkutano wa kupanga usianze na kadi ambazo hakuna aliyezisoma.

Mambo yakikwama

*Umeme au intaneti imekatika.* Git inahifadhi mabadiliko kwenye kompyuta yako bila mtandao, kwa hiyo endeleeni kuandika na kuhifadhi kwa vipande vidogo, mtandao ukirudi mtume. Wanaokwama ni wale wanaohitaji intaneti hata kuwasha mradi: maktaba hazijapakuliwa, hifadhidata iko mbali. Hakikisheni kila mmoja anaweza kuendesha mfumo mzima kwenye laptopu yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na timu zilizojiandaa hivyo ziliendelea na kazi. Ubao wenu nao uwe na nakala ya karatasi ukutani.

*Kadi zote ziko "karibu kuisha" na hakuna iliyoisha.* Mmeanza nyingi mno. Wekeni kikomo kwenye safu ya kazi zinazoendelea, kwa mfano tatu kwa timu ya watu watano. Kikijaa, aliye huru anakwenda kukagua au kusaidia, hafungui mpya. Mbinu hii imetoka kwenye Kanbani, ambayo chimbuko lake ni viwanda vya Toyota, na inafanya kazi hata kama mnaendelea na Skramu.

*Ukaguzi wa msimbo unachukua siku.* Kwa kawaida tawi, yaani nakala ya msimbo ambayo mtu anaifanyia kazi kando, lina mistari mingi mno, hakuna anayetaka kulifungua. Unganisheni kazi kwenye tawi kuu kila siku, na kabla ya kushika kadi mpya kila mtu akague moja ya mwenzake.

*Mkataba ni wa bei moja na mahitaji yote yameandikwa.* Zabuni nyingi hapa ziko hivyo, na hutazibadilisha. Ombeni mambo mawili kabla ya kutia saini. La kwanza, malipo yafuate vipengele vinavyofanya kazi, kwa mfano "mwanachama anaweka na kutoa akiba", kuliko kufuata hati kama "ripoti ya usanifu". La pili, kifungu cha kubadilishana: hitaji moja linaweza kutoka na lingine la ukubwa huo kuingia bila bei kubadilika, kwa saini ya mwenye bidhaa. Kama mmeshatia saini bila kifungu hicho, kila badiliko liandikeni kwenye barua fupi na mlipate kwa saini. Makubaliano ya mdomo husahaulika siku ya malipo.

*Mteja hahudhurii demo.* Mara ya kwanza, mpelekeeni ofisini kwake, dakika ishirini, simu mkononi. Akikosa mara mbili mfululizo, simamisheni kadi mpya na mmwambie kwa nini. Mnajenga gizani, na kila wiki inayopita inaongeza kazi ya kubomoa.

*Mteja yuko Ulaya na mikutano inagongana.* Tukilinganisha na Berlin, Kampala iko mbele kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kubalianeni tangu mwanzo mkutano unafuata saa ya nani, na wiki hizo mbili mkumbushane Ijumaa.

*Kila siku kunaingia hitilafu za wateja na sprinti haishiki.* Timu inayohudumia mfumo ulio kazini huenda haihitaji sprinti. Tumieni ubao wenye kikomo, chukueni kadi ya juu kila mnapomaliza moja, bakini na demo ya kila wiki mbili na retro. Hakuna anayewadai jina la Skramu.

*Mtu mmoja tu ndiye anayejua seva.* Mpangieni kadi ya kumfundisha mwenzake, na kadi hiyo ihesabiwe imekwisha siku mwenzake atakapoweka toleo jipya kwenye seva peke yake, fundi mwenyewe akiwa ameketi pembeni bila kugusa kibodi. Fanyeni hivyo kabla hajaomba likizo, au kabla kampuni nyingine haijampigia simu.